Ngozi Iliyooteshwa Kwenye Chupa: Uchambuzi wa Kisa cha Mtafiti wa Seli na Vidonda vya Moto

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinafuata kazi ya mtafiti wa baiolojia ya seli, Howard Green, tangu miaka ya 1960 hadi siku ngozi aliyoiotesha maabara ilipofunika miili ya watoto wawili walioungua karibu mwili mzima. Green namtaja kwa jina kwa sababu kazi yake imo kwenye majarida na yeye mwenyewe alikwishafariki, mwaka 2015. Watoto ni jambo jingine. Majina yao, mji wao na namna walivyoungua nimeviacha, na msomaji hatapungukiwa na kitu.

Nakiandika kwa ajili ya wanafunzi wa tiba, uuguzi na sayansi ya maabara, hasa wale wanaoulizwa kila wanapoomba fedha, "Utafiti wako utamsaidia vipi mgonjwa?" Mwaka 1963 hapakuwa na chochote katika kazi ya Green ambacho kingejibu swali hilo.

Usuli: mtu na seli zake

Green alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1925, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1947. Wodi haikumshika, akahamia maabara. Alipokuwa Chuo Kikuu cha New York, yeye na George Todaro walichukua seli za viinitete vya panya na kuziotesha kwa kanuni moja wasiyoilegeza: kila baada ya siku 3 seli zinahamishiwa sahani mpya, na kila sahani inapewa seli 300,000, si zaidi wala pungufu. Kwanza seli zilidhoofika kama inavyotarajiwa. Kisha zikajitokeza chache ambazo hazikuchoka kugawanyika, ila zilikuwa na adabu yake: zikishaguswa na majirani pande zote, zinasimama. Kutokana na ratiba ile ya siku 3 na seli laki 3, zikaitwa 3T3. Ripoti yake ilitoka mwaka 1963.

Wakati huo lengo lilikuwa kuelewa kwa nini virusi fulani huzigeuza seli tulivu kuwa za saratani. Kidonda hakikuwemo kwenye mawazo ya mtu.

Usuli: kwa nini kidonda kikubwa cha moto hakifungi

Ngozi ina tabaka mbili. Ya juu, epidemisi, ni nyembamba na karibu yote ni seli zinazoitwa keratinosaiti. Zinazaliwa chini, zinapanda juu huku zikikauka, mwisho zinapukutika. Chini yake kuna demisi, tabaka nene lenye nyuzi za protini iitwayo kolajeni, mishipa ya damu, neva, mizizi ya nywele na tezi za jasho.

Moto ukichoma juujuu, keratinosaiti zilizobaki ndani ya vinyweleo na mirija ya jasho hutambaa na kufunika pengo ndani ya wiki mbili hivi. Moto ukila demisi yote, akiba hiyo inakwenda nayo. Kinachobaki ni seli za ukingoni mwa kidonda, nazo hutambaa taratibu sana. Daktari wa upasuaji hawezi kungoja. Anachuna ngozi nyembamba kutoka paja au mgongo wa mgonjwa, anaitoboatoboa iwe kama wavu ili ivutike, kisha anaipandikiza. Ngozi ya mtu mwingine hushika kwa muda tu, halafu mwili huikataa.

Mbinu hiyo ni nzuri mpaka pale paja lenyewe linapokuwa limeungua. Mgonjwa aliyeungua zaidi ya asilimia 90 hana mahali pa kuchunwa.

Wazo la kuotesha ngozi maabara lilikuwepo zamani, tatizo lilikuwa fibroblasti. Hizi ni seli za demisi zinazotengeneza kolajeni, na kwenye sahani zinakua kama magugu. Ukiweka kipande cha ngozi, baada ya siku chache fibroblasti zimejaa kote na keratinosaiti zimekufa.

Mfuatano wa mambo: uvimbe wa panya

Mwaka 1970 Green alihamia Massachusetts Institute of Technology. Huko yeye na mwanafunzi wake wa uzamivu, James Rheinwald, walikuwa wakiotesha seli za teratoma, uvimbe wa ajabu wa panya ambao ndani yake unaweza kukuta vipande vya tishu za kila namna. Katika sahani zao zikajitokeza seli zilizobanana kama mawe ya sakafu, zenye dalili zote za epidemisi. Zilikua pale tu palipokuwa na fibroblasti jirani. Zikitengwa, zinakufa.

Watafiti wengi wangeziona kuwa uchafu ulioingilia jaribio. Wao walizigeuza kuwa swali. Walichukua 3T3, wakazipiga mionzi kiasi cha kuzizuia kugawanyika lakini si kuziua, wakazitandaza kama godoro, wakapanda seli za teratoma juu yake. Zikastawi. Mbinu ya kutumia seli zilizopigwa mionzi ili kulisha seli nyingine haikuwa yao, watafiti Puck na Marcus walikwisha kuionyesha mwaka 1955. Kipya kilikuwa kuchagua fibroblasti za 3T3 kwa seli za epidemisi.

Hatua ya pili ilikuwa kujaribu ngozi ya binadamu. Chanzo rahisi kilikuwa govi za watoto wachanga waliotahiriwa, ambazo vinginevyo zingetupwa. Kwenye darubini mwanzo unaona 3T3 tu, zimelala bapa na kunyooka. Baada ya siku chache, katikati yao panatokea kundi dogo la seli zilizoshikana, linakua kuelekea nje na kuzisukuma 3T3 pembeni, mpaka makundi yanakutana na kuwa utando mmoja. Tena godoro lile lilizuia fibroblasti za binadamu zisitapakae. Ripoti mbili, ya teratoma na ya ngozi ya binadamu, zilitoka pamoja katika jarida la Cell mwaka 1975.

Mfuatano wa mambo: kutoka sahani hadi kitandani

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutengeneza mapishi, na hapa nitapita haraka. Mwaka 1977 waliongeza kichocheo cha ukuaji wa epidemisi kilichogunduliwa na Stanley Cohen, na seli zikaweza kugawanyika vizazi vingi zaidi kabla ya kuzeeka. Mwaka 1978 Green aliongeza sumu ya bakteria wa kipindupindu kwa kiwango kidogo sana, maana inapandisha ndani ya seli kemikali inayochochea mgawanyiko. Msomaji wa pwani yetu anaweza kushtuka, lakini ndiyo sayansi: sumu inayoua kwa kuharisha ikawa mbolea ya ngozi.

Kikwazo kilichobaki kilionekana kidogo, kumbe kilikuwa kizito: utatoaje utando kwenye sahani? Tripsini, kimeng'enya cha kawaida cha maabara, huzitenganisha seli zote, ukabaki na uji. Mwaka 1979 Green, Olaniyi Kehinde na James Thomas walionyesha kuwa kimeng'enya kiitwacho dispesi hukata kinachozishikanisha seli na sahani, huku seli zikibaki zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Utando unaachia kuanzia ukingoni, unaelea, unanywea kiasi, na unaweza kuinuliwa kwa kibano. Kehinde ni wa kuangaliwa katika kisa hiki. Jina lake limo kwenye kazi ya mwaka 1979, ya 1981 na ya 1984. Mikono ya aina hii ndiyo inayobeba maabara, na ni nadra kuiona kwenye hotuba za tuzo.

Mwaka 1980 Green alihamia Harvard Medical School. Mwaka 1981 yeye na daktari wa upasuaji Nicholas O'Connor walitangaza katika jarida la The Lancet kuwa wamepandikiza utando wa seli za wagonjwa wenyewe kwa watu wazima wawili walioungua, ukashika.

Mfuatano wa mambo: majira ya joto, 1983

Watoto wawili, ndugu, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, waliletwa Boston katika hospitali ya majeraha ya moto ya watoto ya Shriners. Kila mmoja alikuwa ameungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili, na sehemu kubwa ya majeraha hayo ilikuwa imekula ngozi yote.

Timu iliyoongozwa na daktari wa upasuaji Gregory Gallico ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Wodini, ngozi iliyokufa ilikatwa mapema, vidonda vikafunikwa kwa muda na ngozi ya marehemu, huku maji, lishe na maambukizi yakisimamiwa usiku na mchana. Upande wa maabara, kipande kidogo cha ngozi kilichonusurika kwapani kilikatwakatwa, seli zikatenganishwa na kupandwa juu ya 3T3. Wiki tatu hadi nne zinatosha kugeuza kipande cha sentimita chache za mraba kuwa eneo la kufunika mwili. Utando ulipokuwa tayari ulibandikwa kwenye chachi iliyopakwa mafuta ya Vaseline, kipande kwa kipande, ukalazwa juu ya kidonda na chachi ikaachwa juu yake kwa siku kadhaa kabla ya kubanduliwa.

Utando huo uliishia kufunika karibu nusu ya mwili wa kila mtoto. Sehemu zilizobaki zilifunikwa kwa vipandikizi vya kawaida. Wote wawili walitoka hospitali wakiwa hai, na ripoti ikachapishwa katika The New England Journal of Medicine mwaka 1984.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza nimeshaugusa: kufuata seli iliyojitokeza bila kualikwa. Uliwezekana kwa sababu Green alizijua 3T3 kwa zaidi ya miaka 10, akijua zinavyokua, zinavyosimama na zinavyoonekana zikiwa na njaa. Asingekuwa na seli hizo kwenye friji, swali la teratoma lingebaki swali.

Uamuzi wa kung'ang'ania godoro la seli za panya ni mgumu zaidi kuutetea, na hata hivyo nautetea. Kufikia mwaka 1983 kulikuwa na njia za kuotesha keratinosaiti bila seli za kulisha. Ni safi zaidi, na mdhibiti wa dawa angezipenda. Lakini Green alihitaji utando utakaoishi mwilini kwa miaka, na hilo linategemea kama zile seli chache zenye uwezo wa kugawanyika muda mrefu zimehifadhiwa wakati wa kuotesha. Godoro la 3T3 lilizihifadhi. Mwaka 1987 yeye na Yann Barrandon walionyesha kwamba keratinosaiti si sawa zote: kuna zinazozaa makundi makubwa yasiyochoka, ambazo waliziita holokloni, kuna zinazogawanyika mara chache na kukoma, na kuna za katikati. Upasuaji ulitangulia, maelezo ya kwa nini ulifaulu yakafuata miaka minne baadaye.

Gharama ya uamuzi huo ilikuja nyuma. Kwa kuwa ngozi inakua juu ya seli za panya, wadhibiti wa Marekani wanaihesabu kama upandikizaji kutoka kwa mnyama, pamoja na masharti yake yote ya ufuatiliaji.

Kuhusu kuruka kutoka watu wazima wawili hadi watoto walioungua karibu mwili mzima, sioni kwamba ulikuwa ujasiri wa kupindukia. Njia ya kawaida ilikuwa imekwisha, hapakuwa na ngozi ya kuchuna. Tena kama utando usingeshika, mtoto asingepoteza chochote ambacho alikuwa nacho, isipokuwa kipande kidogo cha kwapa.

Matokeo ya baadaye

Miaka ya 1980 ilianzishwa kampuni ya kuotesha ngozi kwa ajili ya hospitali, ikaja kununuliwa na kampuni ya dawa, Genzyme. Bidhaa yenyewe, Epicel, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa utaratibu maalumu wa vifaa vinavyohitajika na wagonjwa wachache, kwa walioungua vikali asilimia 30 ya mwili au zaidi.

Wodini picha ilikuwa na doa. Utando ulishika vizuri kwa wengine na vibaya kwa wengine. Bakteria ambao kipandikizi cha kawaida kingewastahimili waliutafuna. Hata uliposhika, ngozi ilikuwa dhaifu kwa miezi mingi, ikitoa malengelenge kwa msuguano mdogo wa nguo. Carolyn Compton na wenzake walipochunguza ngozi hizo kwa miaka mitano walikuta kuwa nyuzi zinazoishonea epidemisi chini huchukua muda mrefu kukomaa. Kovu lilijikaza. Jasho na nywele hazikuwepo, na hazikuja.

Uchambuzi

Kilichofaulu ni ujuzi wa seli moja uliopelekwa hadi mwisho. Green hakuwa mtafiti wa kurukaruka. Kila kiungo cha mapishi yake kilijibu swali la wazi: seli hii inataka nini ili igawanyike bila kupoteza asili yake? Alipojibu hilo, kidonda kikanufaika.

Hapohapo ndipo ilipokuwa kasoro. Mtu anayemiliki seli moja kikamilifu huanza kukiona kidonda kama upungufu wa seli hiyo. Kidonda kirefu cha moto kinapungukiwa kwanza na demisi. Ukilaza epidemisi nyembamba juu ya nyama iliyokatwa hadi kwenye utando wa misuli, umepaka rangi ukuta usio na lipu.

Kinachonishangaza ni kwamba jibu la nusu ya pili lilikuwa jirani kabisa. Katika Massachusetts Institute of Technology, Ioannis Yannas, na John Burke, daktari wa upasuaji wa hospitali hiyohiyo ya Shriners, walikuwa wametangaza mwaka 1981 demisi ya kutengenezwa: kolajeni ya ng'ombe iliyochanganywa na sukari ndefu za gegedu la papa, juu yake silikoni. Demisi hiyo ilihitaji epidemisi ya kuwekwa juu. Epidemisi ya Green ilihitaji demisi ya kuwekwa chini. Iliyoonyesha njia rahisi ya kuunganisha tabaka mbili ilikuwa ni taasisi nyingine, Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1986: Charles Cuono na wenzake walipandikiza ngozi ya marehemu, wakasubiri ishike, wakaiparua epidemisi yake ambayo ndiyo inayokataliwa zaidi na mwili, wakabakiza demisi, kisha wakalaza juu utando wa seli za mgonjwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulikuja Ujerumani. Mwaka 2015, mtoto wa miaka 7 mwenye ugonjwa wa kurithi unaobandua epidemisi alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake ya juu. Michele De Luca na Graziella Pellegrini, Waitaliano waliotoka katika ukoo wa kisayansi wa Green, walichukua kipande kidogo cha ngozi yake, wakaingiza jeni isiyo na kasoro, wakaiotesha juu ya 3T3, na timu ya madaktari wa mji wa Bochum ikampandikizia asilimia 80 hivi ya mwili. Ripoti ya mwaka 2017 inaeleza ngozi imara isiyotoa malengelenge. Utando ulikuwa wa mapishi yaleyale. Tofauti moja kubwa ni kwamba ugonjwa ule unabandua epidemisi ukaiacha demisi mahali pake, na moto haufanyi hivyo. Tena alama za jeni iliyoingizwa zilionyesha kuwa ngozi yote mpya inalishwa na idadi ndogo ya seli za aina ya holokloni, kama ilivyodaiwa mwaka 1987.

Kwa wodi zetu za Afrika Mashariki, ambako mtoto aliyeungua mara nyingi ni wa chai, uji au maji ya kuoga, maabara ya kuotesha ngozi si jambo la kwanza kuombewa fedha. Katika kisa cha Boston, wiki zile tatu au nne za kungoja utando zilivukwa kwa vitu vinavyofahamika: kukata mapema ngozi iliyokufa, ngozi ya marehemu ya kufunikia, chumba cha upasuaji kisichopangiwa wagonjwa wengine, damu ya kutosha, muuguzi wa kubadilisha chachi bila kuleta maambukizi, na chakula kingi chenye protini. Hospitali isiyo na hivyo ingepokea utando wa Green ukiwa umechelewa, hata kama ungetumwa bure. Ikishakuwa navyo, swali linalofuata ni la benki ya ngozi ya marehemu, kwa sababu ndiyo inayotoa kifuniko cha muda na demisi kwa pamoja, na hilo linahitaji sheria, ridhaa za familia na jokofu la kuaminika kabla ya kuhitaji seli yoyote ya panya.